Kwa Nini Mwili Haumwamshi Aliyelala na Jiko la Mkaa

Baridi inapoanza kuuma katika nyanda za juu kama Njombe, Makete, Lushoto au Limuru, familia nyingi huingiza jiko la mkaa ndani, hufunga madirisha na kulala. Pale asubuhi inapokuwa ya msiba, swali linaloulizwa ni lile lile: kama marehemu alikosa hewa, mbona hakushtuka? Swali hilo ni la haki kabisa, na jibu lake limo katika namna tunavyopumua.

Mapafu yenyewe hayana msuli wa kuvuta hewa. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ukisaidiwa na misuli iliyo kati ya mbavu. Kiwambo kinaposhuka, kifua hupanuka, shinikizo la hewa ndani hupungua na hewa ya nje huingia. Kinapolegea, mapafu hujikunyata yenyewe na kuitoa. Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban mililita 500 kila pumzi, mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Hewa hiyo hupashwa joto, huloweshwa na kuchujwa puani, kisha hupita kwenye zoloto na bomba la hewa, ambalo hugawanyika kuwa matawi mawili. Tawi la kulia ni pana na limenyooka zaidi, ndiyo maana karanga iliyompalia mtoto huishia mara nyingi upande huo. Matawi huendelea kugawanyika takriban mara 23 hadi kufikia vifuko vya hewa, ambavyo ni mamia ya mamilioni na kuta zake, pamoja na za mishipa midogo ya damu inayovizunguka, ni nyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapo oksijeni huingia katika damu na kubebwa na hemoglobini, yaani protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, nayo hewa ukaa (kabonidioksidi) hutoka.

Wengi hudhani kwamba kinachotusukuma kuvuta pumzi ni upungufu wa oksijeni. Kwa kawaida sivyo. Shina la ubongo hupima zaidi hewa ukaa, ambayo ikiongezeka huifanya damu kuwa na asidi zaidi. Ile kiu kali ya hewa unayoisikia ukibana pumzi ni kilio cha hewa ukaa iliyorundikana. Vipo pia vipimo vidogo shingoni, kwenye mishipa mikubwa ya damu, vinavyofuatilia oksijeni, lakini hivyo huhisi ile iliyoyeyuka katika majimaji ya damu, wala si ile iliyobebwa na hemoglobini.

Mkaa unaoungua katika chumba kisicho na hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mkaa uliokolea na kuacha kutoa moshi ndio unaotudanganya zaidi, kwa sababu huonekana salama. Gesi hii hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na hata oksijeni kidogo iliyobaki huizuia isiachiwe kwa urahisi kwenye viungo. Wakati huo kifua kinaendelea kupanuka na hewa ukaa inaendelea kutoka, hivyo shina la ubongo halina la kulalamikia. Oksijeni iliyoyeyuka nayo haijapungua sana, hivyo vipimo vya shingoni vimenyamaza. Aliye macho huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, dalili ambazo ni rahisi kuzidhania malaria. Aliyelala hupitiliza kutoka usingizini hadi kupoteza fahamu.

Anayemkuta mtu katika hali hiyo afungue milango, amtoe nje mara moja na kumwahisha hospitali. Katika hewa ya kawaida mwili huhitaji takriban saa nne hadi sita kupunguza gesi hiyo kwa nusu, ilhali kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Mhudumu aambiwe bayana kwamba kulikuwa na jiko chumbani, kwa kuwa kile kifaa cha kawaida cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kabonimonoksidi, na kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliye hatarini.