Watu wawili, waraka mmoja: programu inalinda nini?

Chukua neno "soma" katika waraka unaohaririwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Wa kwanza anaongeza "m" mwanzoni. Wa pili, kabla mabadiliko hayo hayajamfikia, anabadilisha herufi ya 4 kuwa "i". Kompyuta ya wa kwanza ikitii amri hiyo kama ilivyo, itahesabu hadi herufi ya 4 ya "msoma" na kutoa "msoia". Kwa mwenzake itasomeka "msomi". Nakala zimeachana, na hakuna aliyekosea.

Dawa yake ilichapishwa mwaka 1989 na Clarence Ellis na Simon Gibbs: amri inayofika ikiwa imepitwa hurekebishwa kwanza kulingana na zilizoitangulia. "Herufi ya 4" inageuka "herufi ya 5", na pande zote mbili zinapata "msomi". Njia nyingine, iliyokuja baadaye, huipa kila herufi kitambulisho cha kudumu, kwa hiyo nafasi hazihesabiwi tena. Nayo ina gharama: herufi iliyofutwa mara nyingi huachiwa alama, kwa kuwa amri ya mtu aliyekuwa nje ya mtandao inaweza bado kuitaja. Waraka unaofutwafutwa sana hunenepa.

Hayo yote hulinda herufi, si maana. Tuseme sentensi inasomeka "Dawa hii salama kwa mtoto". Wahariri wawili wanaona "si" imesahaulika, na kila mmoja anaiongeza: "Dawa hii si si salama kwa mtoto". Kwa programu hakuna kosa, maana kila alichoandika mtu kimehifadhiwa. Akipita wa tatu akafuta "si" zote mbili kwa haraka, dawa imekuwa salama.

Ndiyo maana watafiti wa fani ya kazi ya pamoja kwa msaada wa kompyuta (CSCW), iliyopewa jina lake mwaka 1984 na Irene Greif na Paul Cashman, hawaishii kwenye kanuni za kompyuta. Paul Dourish na Victoria Bellotti walionyesha mwaka 1992 umuhimu wa kila mtu kujua wenzake wanafanya nini. Vishale vya rangi vyenye majina si mapambo: ukiona cha mwenzako kimesimama katika aya, ondoka hapo.

Kwa kikundi, gaweni waraka kwa sehemu, si kwa zamu. Katika sehemu ya mwenzako tumia hali ya mapendekezo, ili mwenye sehemu akubali au akatae. Anayekwenda kuhariri nje ya mtandao aseme ni sehemu ipi, na akirudi aisome upya yote kabla ya kuendelea. Kabla ya mabadiliko makubwa, hifadhini toleo lenye jina. Kutafuta toleo lisilo na jina katika historia ya mamia ya mabadiliko madogo ni adha.

Lililobaki ni gumu zaidi. Mwaka 1988 Jonathan Grudin alieleza kwa nini programu nyingi za vikundi hushindwa: anayeongezewa kazi siye anayefaidika. Kalenda ya pamoja humrahisishia mwitishaji wa vikao, lakini kuijaza ni juu ya wengine wote. Wakiacha kuijaza, nafasi tupu zinasomeka kama muda huru na vikao vinagongana. Hapo mafunzo zaidi hayasaidii kitu. Wapunguzieni kazi ya kujaza, au wapeni wajazaji kitu wanachokitaka wenyewe, kwa mfano haki ya kufunga saa zao zisiitiwe kikao.