Ada ya usajili haigeuki pointi

Kila dirisha la usajili likifunguliwa Uingereza, imani ileile huwarudia wachezaji wa FPL (Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambapo unaunda kikosi cha wanasoka halisi wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, kama mabao na pasi za mabao): mwanasoka aliyenunuliwa ghali ndiye wa kuweka kikosini. Sivyo.

Tazama Chelsea ya msimu wa 2023/24. Moisés Caicedo alitoka Brighton kwa pauni milioni 100, nyongeza hazijahesabiwa. Cole Palmer akatoka Manchester City kwa takriban milioni 40. Caicedo ni kiungo mkabaji hodari kwelikweli, ila wakati ule FPL haikuwa na pointi za moja kwa moja za kupokonya mipira. Alifunga bao moja tu la ligi, siku ya mwisho, kwa shuti kutoka karibu na mstari wa katikati. Palmer alifunga 22, tisa kati yake kwa penalti, na akatoa pasi 11 za mabao.

Hizo penalti tisa ndizo ningependa uziangalie. City, Palmer alizoea benchi. Chelsea akakabidhiwa namba ya kudumu na mikwaju. Mguu ulikuwa uleule. Kwa hiyo mtu akihama, uliza atacheza wapi, na mkwaju ataupiga nani. Tena mchunguze na yule wa zamani aliyenyang'anywa mkwaju huo.