Uchawi lazima ulipiwe

Jumamosi hapa Mwanga, Kigoma, tukimaliza kutazama filamu iliyotokana na riwaya, wanafunzi wangu wa fasihi huanza kuhesabu kilichokatwa. "Mwalimu, Tom Bombadil wamempeleka wapi?" Swali zuri, ila kwangu si la kwanza. Peter Jackson alikuwa na takriban saa tatu tu katika filamu yake ya 2001, The Fellowship of the Ring. Riwaya ya J.R.R. Tolkien, yenye pete ya uchawi inayowatia watu tamaa, haienei humo. Tena Bombadil ndiye mtu ambaye pete ile haimfanyi lolote, kwa hiyo bila yeye pete inatisha zaidi.

Mimi natafuta bei ya uchawi. Katika fantasia mtu hapati ajabu bure, na hadithi nzima husimama juu ya malipo hayo. Shaaban Robert alilijua sana hili: katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku moyo unamuuma. Atakayeitengenezea filamu akauacha mjeledi, atabaki na manyani tu.

Turudi kwa Tolkien: tazama Bilbo, mzee aliyekaa na pete ile miaka mingi, anavyoiacha. Kitabuni imo ndani ya bahasha. Anataka kuiweka kwenye rafu juu ya meko, mkono unashtuka na kurudi nyuma, bahasha inaanguka, mchawi Gandalf anaiwahi. Kwenye filamu pete iko wazi kiganjani. Bilbo anauinamisha mkono polepole, pete inateleza, inagonga sakafu na kutulia papo hapo, hairuki hata kidogo. Tuliirudisha mara tatu. Kijana mmoja wa Katonga, mtoto wa mvuvi, akasema, "Imeanguka kama nanga." Basi. Tendo limebadilishwa, uzito umebaki, na huo kwangu ndio uaminifu kwa kitabu.

Kinyume chake ni filamu ya Wolfgang Petersen ya 1984, The NeverEnding Story, iliyotokana na Die unendliche Geschichte, riwaya ya Michael Ende ya 1979. Ina picha za kupendeza mno. Farasi Artax alipozama kwenye tope, darasa zima lilinyamaza. Lakini inaishia kama katikati ya riwaya, kabla deni halijaanza kudaiwa. Kitabuni, mvulana Bastian akiingia katika ulimwengu wa hadithi anayoisoma, kila tamanio linalotimia linamfutia kumbukumbu ya kwao. Filamu inamwambia atamani kadiri apendavyo, kisha inampandisha juu ya joka jeupe awafukuze watoto waliokuwa wakimwonea. Ende alikwenda mahakamani kuipinga, akashindwa. Kama msomaji, niko upande wake kabisa: hapa haikukatwa sura, umekatwa mshipa.

Tulipoimaliza, binti mmoja aliyekuwa hajawahi kukiona kitabu aliuliza, "Sasa huyu amelipa nini?" Nikaufungua ukurasa ambapo Bastian anasahau hata jina lake, nikawasomea, nikitafsiri sentensi moja moja.