Tani 56 si za kila gari: maana ya uzito wa ekseli

Juzi nimelisikia tena, safari hii kwa mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa akibishana kwa simu: "Gari lina tani 48 tu, sheria inaruhusu 56, wamelizuia kwa nini?" Alikuwa na uchungu wa kweli, maana mzigo ulikuwa umelala njiani. Lakini hoja yake ilikuwa na makosa mawili ndani ya sentensi moja.

Uzito wa jumla ni gari, mafuta, watu na mzigo, vyote pamoja. Ekseli ni ule mtaimbo unaobeba magurudumu ya upande huu na ya upande ule, na uzito wa ekseli ni ule unaoshuka barabarani kupitia ekseli moja, au kundi la ekseli zilizofuatana. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania imeitumia tangu 2019, inadhibiti vyote viwili. Kuvuka kimoja ni kosa hata kama kingine kiko salama.

Ekseli ya usukani mwisho wake ni tani 8. Ekseli mbili za diff, yaani zinazosukuma gari, zenye tairi nne nne, ni tani 18. Tatu za tela ni 24. Jumlisha: 50. Basi semi, lori linalovuta tela, ya kawaida ya ekseli sita haijawahi kuwa na ruhusa ya tani 56. Hizo ni za gari la ekseli saba, na ndani yake umo uzito wa gari lenyewe.

Neno lenyewe lingetusaidia tukilisikiliza. Ekseli tumeichukua kwa Waingereza, lakini Kiswahili kina mhimili, na mhimili unatokana na kuhimili. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wa kubeba, uleule uliotupa hamali wa bandarini. Nyumba yenye mihimili sita huwezi kuitwika paa lote kwenye miwili ukasema paa halijazidi. Ile miwili itakatika.

Na mizani je? Neno hilihili la mahali pa kupimia magari, Vigwaza au Mariakani, ndilo wanalotumia washairi. Kwao mizani ni silabi: mshororo wa mizani 16 hugawanywa nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Ukiweka kumi ukwapi na sita utao, jumla inabaki 16, na shairi limeharibika. Kila aliyefundishwa ushairi shuleni analijua hili. Sioni kwa nini liwe gumu likihamia kwenye lori.

Tufanye gari la yule bwana ni semi ya ekseli sita, na lilipimwa hivi: usukani 7.5, diff 20.5, tela 20. Jumla ni 48 kamili, tani mbili chini ya 50. Diff zimezidi kwa tani mbili na nusu, nje hata ya ule uvumilivu wa asilimia 5 unaotolewa kwenye ekseli. Magunia yalirundikwa mbele. Huenda kuyasogeza nyuma kungetosha, bila kushusha hata gunia moja.

Barabara haisomi jumla. Majaribio yaliyofanywa Ottawa, Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 huumiza lami kama mara mbili ya ile ya tani 10. Mifereji ya magurudumu unayoiona kwenye milima, pale malori yanapotambaa, imechimbwa na ekseli moja moja.

Kuna pia wanaosema, "Nitakata kibali." Kibali maalumu kipo, na ni cha mzigo usiogawanyika: transfoma, mtambo wa kiwandani, kijiko cha kuchimbia. Mahindi yanagawanyika. Saruji inagawanyika.

Kwa hiyo, ndugu yangu, dereva akikupigia kwamba gari limezidi, usianze na tani ngapi. Mwambie akusomee karatasi ya mizani, ekseli kwa ekseli, kisha muulize magunia yalipangwaje.