Tovuti haidai Mac

Vijana wa Mbeya wanaojifunza kutengeneza tovuti bado huambiwa kwamba bila Mac, kompyuta ya Apple, hawafiki mbali. Si kweli. HTML, CSS na JavaScript, lugha za kutengenezea tovuti, husomwa na kivinjari, na Chrome au Firefox zipo kwenye Windows, Linux na Mac vilevile.

Penye shida ni kwingine. Windows na Mac kwa kawaida huona Picha.jpg na picha.jpg kuwa faili moja. Linux, inayoendesha seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi tovuti mtandaoni), huona mbili. Basi ukiandika picha.jpg kwenye tovuti ilhali faili inaitwa Picha.jpg, tovuti inapendeza kwenye laptopu yako pale Mwanjelwa, ukiipandisha kwenye seva picha hazionekani, nawe unalaumu bando. Mac utaihitaji ukitaka kujaribu tovuti kwenye Safari ya kompyuta, kivinjari cha Apple. Kwa kuanzia, laptopu ya mtumba yenye Ubuntu, aina ya Linux ambayo ni bure, inatosha kabisa.