Reizid flo haipozi serva, jamani

Wiki hii tu nishaulizwa mara tatu: "Fundi, bila reizid flo kitakuwa chumba cha serva kweli?" Kitakuwa, yakhe. Reizid flo, yaani sakafu ya vigae ilonyanyuliwa juu ya zege, haipozi kitu, kinachopoza hizo serva, kompyuta zinazohudumia nyingine, ni AC, ile sakafu ya kunyanyua ni njia ya hewa tu, na njia hiyo ina maana pale AC yenyewe iwe ya kusukumia baridi chini, ipite chini ya vigae vya sentimita 60 kwa 60 itokee kwenye vile vya matundu mbele ya reki, yaani makabati ya serva. Sasa mtu ana reki nne na spliti mbili za ukutani zinapuliza juu ya vichwa vyetu, anataka anyanyue sakafu! Hewa itashukaje huko chini, kwa dua?

Na hata wenye AC ya sawasawa wanajiharibia wenyewe. Pahala fulani hapa Mjini niliitwa serva zinachemka, nikafunua kigae, waya za zamani zimelundikana mle kama makumbi ya nazi, hakuna aliyewahi kuzitoa, kila fundi anaongeza zake anafunika. Nikaweka tishu kwenye kigae cha matundu kilichokaa karibu kabisa na AC, badala ya kurushwa juu ikavutwa chini, maana pale hewa inapita kwa kasi mno inafyonza. Kwa reki chache mie nasema sakafu ya zege tu, waya zipite juu kwenye trei, reki zitazamane mbele kwa mbele, nafasi tupu ndani ya reki uzizibe vibao, serva ivute hewa ya digrii 18 mpaka 27, basi. Pesa ilobaki weka kwenye jenereta, aliyekuwepo Unguja 2008 kebo ya umeme ya baharini ilipokufa ananielewa. Ukumbi mkubwa wenye AC za kupuliza chini hapo sawa, nyanyua.

Eti sakafu ya kunyanyua inakinga maji? Maji yanajaa chini ya vigae wala huyaoni, labda uweke sensa, kile kifaa cha kugundua maji.

Eti zege halihitaji kazi yoyote? Saruji tupu inatoa vumbi, ipake rangi ya epoksi. Na zulia msiniwekee tafadhali.

Halafu yule anayetaka chumba chake orofani, Mji Mkongwe. Reki ikijaa inaweza kupita kilo 1,000, na orofa hiyo imelala juu ya boriti za mikoko. Teremsha chini kwanza, habari ya sakafu tutazungumza baadae.