Shimizu hawakuporwa, walitoka sare mara 14

Kila kipande cha video cha penalti ya Itsuki Someno wa Tokyo Verdy, kwenye fainali ya mchujo wa 2023 kule Japani, kinapoanza kuzunguka upya, maoni chini yake ni yale yale: Shimizu S-Pulse waliporwa, ile 1-1 ilipaswa kwenda dakika 30 za nyongeza, halafu matuta. Nimechoka. Mchujo wa kupanda kutoka J2, daraja la pili, kwenda J1, daraja la kwanza, hauna dakika 30 za nyongeza. Haukuwa nazo ulipoanza 2012, haukuwa nazo 2023. Sare ikifika mwisho wa mechi, anapita aliyemaliza juu kwenye msimamo. Tokyo Verdy walikuwa wa 3, Shimizu wa 4. Basi.

Kanuni yenyewe ni fupi, ila watu wanaisoma kama tanbihi wakati ndiyo inayoamua mechi ichezwe vipi. Timu ya juu inaingia uwanjani kama vile inaongoza kwa nusu bao. 0-0 kwake ni ushindi, kwa hiyo haina sababu ya kukimbilia popote. Timu ya chini ikitangulia kufunga, hapo ndipo wachambuzi wengi wanapoteleza: wanasema sasa presha imehama. Imehama kidogo sana. Kwenye kombe la kawaida, ukisawazishiwa mnaanza upya. Hapa ukisawazishiwa umetolewa. Bao moja la timu ya chini ni jembamba kama karatasi. La timu ya juu linamlazimisha mpinzani kutafuta mawili.

Ndiyo maana 2014 kipa wa Montedio Yamagata, Norihiro Yamagishi, alipanda kwenye kona dakika za majeruhi dhidi ya Júbilo Iwata, ubao ukisoma 1-1, akaitia kwa kichwa. Hadi leo watu wanaita ule wazimu. Wazimu gani? Yamagata walikuwa wa 6, Iwata wa 4. Kufungwa 2-1 na kumaliza 1-1 kulikuwa kitu kimoja: nyumbani. Kipa kubaki golini ndiko kungekuwa na walakini.

Na wanaolia kwa niaba ya Shimizu wanasahau wiki moja tu nyuma. Nusu fainali ya mchujo huo huo wa 2023, Shimizu walitoka 0-0 na Yamagata waliokuwa wa 5, wakafuzu bila kufunga hata bao. Sikuona mtu akiandika kwamba Yamagata waliporwa. Kanuni iliyowabeba Novemba ndiyo iliyowaangusha Desemba 2, kwenye Uwanja wa Taifa wa Tokyo, mbele ya watu 53,264. Thiago Santana alifunga penalti dakika ya 63 baada ya mchezaji wa Verdy kunawa. Someno, aliyekuwa kwa mkopo kutoka Kashima Antlers, akaangushwa kwenye boksi mwishoni kabisa, akapiga mwenyewe, dakika ya 90+6. Verdy wakarudi J1 baada ya miaka 16.

(Kwa wenzangu wa mikeka ya kubashiri, maana najua mechi za saa nane mchana kule ni saa mbili asubuhi kwetu: kwenye mchujo huu, soko la mshindi na soko la kufuzu ni vitu viwili. Timu yako inaweza kupanda daraja kwa sare na mkeka ukachanika.)

Lakini hata kubishana kuhusu fainali ni kupoteza muda, kwa sababu Shimizu hawakupaswa kuwa pale. Angalia mechi 42 za msimu wa J2 2023. Machida Zelvia mabingwa, pointi 87. Iwata 75, Verdy 75, Shimizu 74. Shimizu walifunga mabao 78 na kufungwa 34, tofauti ya +44, sawa kabisa na Machida. Iwata walikuwa na +30 na Verdy +26, na tofauti hiyo ndiyo iliyowapa Iwata nafasi ya 2 na tiketi ya kupanda moja kwa moja bila mchujo. Kwa hiyo pointi moja zaidi, moja tu, ingewapandisha Shimizu kwa mabao.

Hapo ndipo +44 inapodanganya. Mwezi Mei waliwapiga Iwaki FC 9-1. Tamu, ila pointi ni 3, sawa na za 1-0. Toa mechi hiyo na tofauti inashuka hadi +36. Kilichowaua ni sare 14, dhidi ya 9 za Machida na 12 za Iwata na Verdy. Sare 5 kati ya hizo zilikuja kwenye mechi 7 za kwanza, bila ushindi hata mmoja: pointi 5 kati ya 21. Kocha Zé Ricardo akafukuzwa Aprili, Tadahiro Akiba akachukua. Sare ya mwisho ilikuwa siku ya mwisho, 1-1 ugenini kwa Mito HollyHock. Waliamka siku hiyo wakiwa wa 2, Iwata na Verdy wakashinda, wao wakalala wakiwa wa 4.

Je, sare 14 ni tabia ya timu au bahati mbaya? Hapa nakiri sina jibu linaloniridhisha. Ningependa kusema timu yenye Shuichi Gonda golini na Takashi Inui katikati ilikosa ukatili tu, lakini timu isiyo na ukatili haifungi mabao 78. Halafu tazama 2024. Santana ameuzwa Urawa Reds. Kocha ni yule yule Akiba. Ligi imepunguzwa hadi timu 20, mechi 38. Shimizu wanatwaa ubingwa kwa pointi 82: ushindi 26, sare 4, vipigo 8.

Vipigo 8 ni vile vile vya 2023, tena kwenye mechi chache zaidi, maana yake kwa wastani walipoteza mechi mara nyingi zaidi kuliko mwaka walioshindwa kupanda. Mabao yalipungua hadi 68. Kilichobadilika ni sare, kutoka 14 hadi 4. Ukiniuliza Akiba alifanya nini hasa, nitakwambia walikuwa tayari kupoteza mechi ili kuitafuta, kisha nitakuomba usininukuu, kwa sababu msimu mmoja wenye sare chache unaweza kuja wenyewe tu.